Ziwa lilipumzishwa, je mwanika dagaa alibebwa na nani? Tuongee haki kwenye kufunga Ziwa Tanganyika

Mwenye_Daftari (mleta uzi)

Wakuu salama humu? Mwakeye kwa ndugu zangu Waha mlioko nyumbani na mlioko mbali.

Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, hili jambo limenikaa kifuani tangu 2024 na kila Mei ikikaribia watu huku Kigoma wanaanza kulibishania upya, vijiweni, kwenye daladala za Ujiji, baada ya swala, mpaka misibani watu wanalibishania. Na kila nikisikiliza naona tunabishana kitu kilekile, kufunga ziwa ni sawa ama si sawa. Mimi kwangu hilo limeshajibika, kufunga ni sawa. Linalonikosesha usingizi ni nani anabeba gharama ya kufunga, na kwa haki gani tumembebesha yeye.

Kwa wasiojua, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu wa ziwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Halikuwa wazo la kushtukiza. Ziwa hili ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na hizo nchi zilisaini mkataba wa kulitunza pamoja pale Dar tarehe 12 Juni 2003, halafu 2021 zikaja na makubaliano ya pamoja ya uvuvi na ndo huko hoja ya kupumzisha wote kwa pamoja ikashika. Kwa hiyo anayesema ni mtu mmoja aliamka asubuhi akaamua kututesa, hapana.

Mimi nina duka Kibirizi hapa Kigoma, sio mbali na mwalo, pale boti za uvuvi zinaposhushia samaki. Sivui, ila kila shilingi inayoingia kwenye droo yangu imepita ziwani kwanza. Nimekulia hapa. Nikiwa mtoto mgebuka wa kukaanga alikuwa analala kwenye sahani mkia unatoka nje, leo nanunua migebuka mitatu inaenea kwenye kiganja. Nimeona watu wanashona vyandarua vya mbu wanavutia dagaa wachanga ufukweni, dagaa wenyewe unawaona kama uzi, hata jicho lake hulioni vizuri. Nimeona kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, linavutwa mchana kweupe. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie ziwa halikuhitaji kupumzika.

Sasa njooni tusimame pale mwaloni tuangalie nani yupo. Yupo tajiri mwenye boti, injini na nyavu. Wapo vibarua wake wanaoingia naye usiku, wanaolipwa mgao yakishatolewa mafuta na gharama nyingine. Yupo fundi nyavu, yupo kijana wa kuchaji betri za taa, wapo wabebaji, yupo mama wa chai na chapati. Na wapo waanikaji wa dagaa, karibu wote wanawake, wengi kuliko wavuvi ukiwahesabu asubuhi moja ya dagaa wengi. Kwenye makaratasi boti imesajiliwa, mvuvi ana leseni, BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi pale mwaloni, ina uongozi na muhuri. Mwanamke wa beseni hana karatasi yoyote. Ukitafuta popote palipoandikwa kwamba yule mama anaishi kwa ziwa hupati.

Mama mdogo wangu anaanika dagaa Kibirizi miaka ishirini na kitu. Saa kumi na moja alfajiri boti zikirudi anashuka na beseni lake, ananunua wabichi kwa taslimu au kwa kuaminiwa, anabeba kichwani maji yanamchuruzika mgongoni, anawamwaga kwenye kichanja cha wavu na kuanza kuwatandaza kwa viganja mpaka hakuna anayemlalia mwenzake, utadhani anapanga shanga. Jua likipanda anawageuza. Muda wote huo jicho moja liko kwenye dagaa na jingine liko kwenye mawingu juu ya ziwa, maana mvua ikija ana dakika chache tu za kuvuta turubai, akichelewa wakalowa wanabadilika rangi na bei inaanguka palepale. Jioni anawakusanya, wanalia kwa mkono kama majani makavu, anawapima kwa sado. Hiyo ndo kazi iliyosomesha watoto wanne.

Tangazo lilipopita na kipaza sauti, "wavuvi wote mnatangaziwa", alikuja dukani akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, kwani mimi ni mvuvi?" Nikamwambia hapana mama. Akasema basi hayo yao, akanunua chumvi akaondoka. Alikuwa na mkopo wa laki nne, ile mikopo tunayoiita kausha damu, marejesho kila Jumatatu. Ziwa lilifungwa miezi mitatu ila Jumatatu hazikufungwa hata moja.

Ninayo daftari ya mikopo ya dukani, hata sasa hivi iko hapa mbele yangu. Ukurasa wake wa Mei umeandikwa unga kilo mbili, mafuta nusu lita, sukari nusu. Juni unga kilo moja, mafuta ya kupima ya mia tano, sukari hakuna. Julai unga nusu, sabuni kipande, basi. Niliandika mwenyewe kwa mkono wangu siku kwa siku na sikuona kitu, nimekuja kuona nilipofungua kurasa zote tatu kwa pamoja. Na kuna jambo lazima niliseme hapa maana tunaongea haki. Mama mdogo nilimkopesha kwa kuwa ni mama yangu. Mwanamke mwingine, jirani yake wa kichanja, alikuja wiki ya pili ya Juni akiwa na mtoto mgongoni, nikamwambia mkopo nimesimamisha. Hakubishana. Alisema "haya kaka" akageuka. Watu wakiuliza nani aliumiza nani kipindi kile, na mimi nimo.

Sasa mwezi wa saba, saa kumi alfajiri, kijana mmoja akanigongea dirisha. Ana dagaa wabichi kwenye ndoo, amevua kwa kujificha. Najua ni kosa, najua kabisa, ila nikawaza kichanja kile kitupu ambacho mbuzi wamekigeuza kivuli cha kulala, nikanunua ndoo yote nikampelekea mama mdogo nikijua namsaidia. Alifungua mfuniko akaangalia ndani muda mrefu. Walikuwa wadogo. Akaniambia, "Mwanangu hawa ni wa Agosti. Umenileteaje mwezi wa saba?" Akanifunikia ndoo akanirudishia. Siku hiyo ndani kwake hakukuwa na mboga, nilikuwa najua maana daftari ninayo mimi.

Tangu siku ile nikisikia mtu ofisini au redioni anasema "wananchi wa mwambao hawana uelewa wa uhifadhi" damu inanichemka. Uelewa wanao. Yule mama alijua zaidi yangu mimi niliyemaliza fomfo.

Naomba na hili tulitazame bila woga. Tunaambiwa samaki wamepungua kwa sababu ya wavuvi, na ni kweli kwa sehemu. Ila wanasayansi waliochunguza ziwa hili wameona kitu kingine. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha utafiti kwamba joto limeongezeka kwenye maji na uzalishaji wa ziwa umeshuka, wakakadiria mavuno ya samaki yameshuka kama asilimia 30 kwa sababu hiyo. 2016 Andrew Cohen na wenzake wakachimba tope la chini ya ziwa na kusoma mabaki ya samaki ya miaka mingi, wakakuta samaki walianza kupungua kabla hata uvuvi wa kibiashara haujashamiri. Kwa lugha yetu ya mwaloni ni hivi. Ziwa lina kina cha kama mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na chakula kingi cha vijidudu vinavyoliwa na dagaa kimelala chini huko. Upepo wa kusi ndo unasaidia kuyachanganya maji ili kile cha chini kipande. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki vizuri, dagaa anakosa chakula, na mgebuka anayekula dagaa naye anakosa.

Sasa hilo joto nani kalileta? Mama mdogo hana gari, hana friji, anapikia kuni na mkaa, taa yake ya usiku ni ya sola ndogo ile ya kuning'iniza. Viwanda na magari yaliyopasha dunia moto viko mbali huko na wenye navyo hawajui hata Kibirizi iko wapi. Lakini siku ya kulipa deni, aliyeitwa kulipa kwa miezi mitatu ya njaa ni yeye. Kuna watu watasema hilo ni suala la mataifa, liko juu sana. Mimi nasema lilishuka mpaka kwenye daftari yangu ukurasa wa Julai.

Halafu wenzetu wanafunga na wanalipa. Brazil wana utaratibu wa tangu miaka ya tisini, mvuvi mdogo akizuiwa kuvua msimu wa samaki kuzaliana analipwa na serikali kima cha chini cha mshahara kwa kila mwezi wa katazo. Bangladesh wakifunga uvuvi wa samaki wao wa hilsa wanagawa mchele kwa kaya za wavuvi. Wana matatizo yao, huko nako malalamiko ya majina hewa hayakosekani, lakini wameshakubali kimsingi kwamba ukimwambia mtu akae asile kwa faida ya wote basi wote wachangie chakula chake. Na hata hapa nchini, Songosongo kule Kilwa na Kisiwa Panza kule Pemba wanafunga miamba ya pweza kwa miezi halafu wanafungua, ila kule wanakijiji wanakaa wenyewe, na wanawake wanaokamata pweza wanakaa humo, wanakubaliana siku ya kufunga na siku ya kufungua.

Hoja yangu kwa hiyo, ziwa lipumzishwe, lakini kabla ya kulifunga wahesabiwe wote wanaokula kwalo, na mwanika dagaa awe mstari wa kwanza maana yeye hana nyavu za kuuza wala boti ya kuweka rehani. TASAF ipo, inajua kufikisha hela kwa kaya maskini, ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kuwakopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu ipo, vyombo vipo. Kama hela ya kuwalipa haipo kabisa basi angalau mikopo isimamishwe marejesho kwa kipindi kile.

Nawasilisha, karibuni tujadili kwa hoja.

Kusi_la_Julai

Mkuu umeandika kwa uchungu na nakuheshimu ila sikubaliani na wewe sehemu kubwa. Hao hao wa mwaloni ndo walikuwa wananunua dagaa wachanga miaka yote. Mwenye kokoro anavuta kwa sababu kuna mtu ana beseni anamsubiri nchi kavu. Kama mama mdogo wako leo anasema "hawa ni wa Agosti", miaka ishirini nyuma alikuwa anakagua umri wa kila beseni? Mi nadhani kila aliyekula kwenye uharibifu abebe sehemu ya gharama, muanikaji yumo.

Pili, ukianza kulipa watu wasivue, kesho kila mtu Kigoma atakuwa mvuvi na muanikaji. Bodaboda wa Gungu ataandikisha mke wake kichanja. Unajua nchi hii.

Binti_Isevya

Mimi nipo Tabora na nataka kusema kitu maana huku hakuna anayetuuliza. Dagaa wa Kigoma ndo mboga ya huku, wakishuka na treni stesheni ukienda sokoni unawapata. Kipindi kile walipotea, waliokuwepo walikuwa wa akiba na bei haikamatiki, fungu la buku likawa la kuhesabu kwa macho. Tulikula maharage na kisamvu na tulilalamika sana, mimi nikiwemo, nilikuwa nasema serikali imetufanyia makusudi.

Leo ndo nasoma upande wa anayeanika na nimeona aibu kweli. Mimi nilikosa mboga ninayoipenda, yeye alikosa hela ya kula. Na sisi walaji ndo tutakaofaidi dagaa wakiongezeka. Kwa nini na sisi tusichangie? Dagaa wanatozwa ushuru, ikitengwa sehemu kidogo tu ya ule ushuru ikawekwa mfuko wa miezi ya kufunga, mbona naona inawezekana. Mimi ningeongeza hata mia kwenye sado bila manung'uniko nikijua inaenda wapi.

Na kuna kingine. Huku kwetu wakulima wa tumbaku wanaambiwa msikate miombo kukaushia tumbaku, na ni sawa msitu unaisha, lakini kampuni inayonunua tumbaku iliyokaushwa na ule mti haijaambiwa isinunue. Anayeshikwa mkono siku zote ni wa chini kabisa.

Mzee_wa_Karabai

Vijana nimesoma. Mimi nimevua ziwa hili tangu enzi za karabai za mafuta ya taa, sasa nimekaa nchi kavu mgongo umekataa.

Ziwa lilikuwa linapumzika lenyewe. Mbalamwezi ikiingia taa haivuti dagaa, tulikuwa tunapandisha mitumbwi, tunatengeneza nyavu, tunakwenda shamba, siku kama kumi hivi kila mwezi. Hakuna aliyetutangazia. Mwanamke wa mwaloni alikuwa anajua kalenda hiyo, anaweka akiba ya giza ale kwenye mbalamwezi. Na alikuwa na shamba la mihogo juu huko Mwandiga au Kalinzi. Hiyo ndo tofauti na leo, watu wengi mwaloni hawana shamba tena, wamehamia na familia nzima, wanapanga chumba, ziwa likinyamaza hawana pa kukimbilia.

Siku kumi mtu anavumilia. Siku tisini ni kitu kingine, hata ukiwa na akiba inaisha.

Halafu kuna hili la ng'ambo. Vijana wangu walikuwa wananiambia wanaona taa usiku upande wa pili. Sijui zilikuwa taa za wavuvi ama za nini, mimi sikwenda kuangalia. Lakini mtu mwenye njaa akiona taa ile hawezi kulala, anasema samaki ninaomuachia azae anakwenda kukaangwa kwa mwenzangu. Kama mmeamua nchi nne basi mtu wa Kibirizi aonyeshwe kwamba wa Kalemie kule Kongo naye amekaa. Asipoonyeshwa mtampoteza hata yule mwenye nia njema.

Mwenye_Daftari (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana, la mbalamwezi nilisahau kabisa na ndo lilikuwa la kuanzia.

Kusi_la_Julai nakujibu kwa heshima. Ni kweli beseni lilikuwa linanunua dagaa wachanga, sitakataa, na mimi duka langu lilikuwa linauza vyandarua na sikuuliza vinakwenda kitandani au ziwani. Kwa hiyo hatia tugawane, nakubali. Lakini hebu gawa basi kwa uzito. Aliyekuwa na boti nne akavuna miaka kumi alitoka na nyumba ya vigae, kipindi cha kufunga alienda kwenye nyumba yake ya kupangisha akakusanya kodi. Kibarua wake alitoka na fulana. Muanikaji alitoka na ada ya shule. Ukisema wote wabebe, halafu mzigo ukawa miezi mitatu bila kipato kwa kila mtu, hapo umewapa mzigo wa kilo zilezile mtu wa miraba minne na mtoto wa darasa la pili halafu unasema ni usawa.

La majina hewa nakubaliana nawe lipo na litakuwepo. Ila pale mwaloni tunajuana. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kudanganywa, afisa anaweza kudanganywa, lakini waanikaji wenyewe huwezi kuwadanganya nani ana kichanja na nani hana, maana wanagombania nafasi ya kichanja kila siku ya Mungu. Wakae wenyewe wataje majina mbele za watu wakisikia wote. Bodaboda wa Gungu atazomewa.

Dada wa Isevya umenifurahisha sana, hilo la mia kwenye sado sikulifikiria.

Afisa_Mstaafu

Nimefanya kazi za uvuvi miaka mingi kwenye halmashauri ambayo sitaitaja, sio lazima iwe ya Kigoma. Nataka niwaambie mnavyoonekana toka upande wa pili wa meza.

Ukiwa afisa unapewa ziwa, doria, mafuta ya boti ya doria yasiyotosha, na maelekezo. Hupewi fungu la kumlisha mtu. Mimi nilikuwa nikichoma nyavu haramu naangalia mwenye nyavu usoni na najua amezinunua kwa kuuza ng'ombe. Nilichoma, sheria inasema choma. Usiku nilikuwa nakula na wanangu na nafikiria wanawe. Sikuwahi kupata jibu.

Naongeza jambo moja la kitaalamu. Dagaa wa ziwa hili anaishi muda mfupi sana, kama mwaka mmoja na kidogo, na anazaa haraka, ndo maana miezi michache ya kumuacha ina maana kwake. Mgebuka anataka miaka kadhaa mpaka akue. Kwa hiyo msitegemee miezi mitatu irudishe yule mgebuka wa utotoni mwa mleta uzi. Watu waliambiwa kwa jumla "samaki wataongezeka" na nadhani hapo hatukuwatendea haki, mtu akivumilia njaa anastahili kuambiwa ukweli wote, nini kitarudi upesi na nini kitachukua miaka. Uvumilivu ulioombwa kwa maelezo nusu mara ya pili unakuwa mgumu kuupata.

Kusi_la_Julai

Afisa hapo umenigusa. Sijabadilika kwenye suala la kulipa watu, bado naogopa itageuka shamba la bibi. Ila la kusimamisha marejesho ya mikopo naliunga mkono mia kwa mia, kama serikali inaweza kusema boti zote zikae nchi kavu haishindwi kusema na wakopeshaji wakae pembeni siku tisini. Hiyo haihitaji bajeti hata.

Binti_Isevya

Mleta uzi kuna kitu hujamalizia. Mama mdogo Agosti 15 ilikuwaje? Dagaa walikuja? Alipata?

Mwenye_Daftari (mleta uzi)

Dada umeuliza nilichokuwa nakikwepa.

Usiku wa kufungua mji wote ulikuwa haulali. Tulikaa kwenye ngazi za duka tukaangalia taa zinavyotoka moja moja mpaka ziwa likawa kama mji mwingine umejengwa juu ya maji, wazee walikuwa wanazihesabu kwa sauti, watoto wanashangilia. Mama mdogo alikuwepo, amefunga kanga mpya ile aliyokuwa ameihifadhi, beseni amelisugua kwa mchanga linang'aa. Alikuwa ameshakichonga kichanja upya, fito mbili mpya kabisa.

Alfajiri boti zikaja. Dagaa walikuwepo, wakuu, na walikuwa wakubwa, urefu wa kidole cha kati, wanang'aa kama visu. Sijaona dagaa wale miaka mingi. Watu walikuwa wanawashika tu wanacheka.

Ila walikuwepo pia wanunuzi toka nje, wenye magari, wamekuja na taslimu tangu jana yake, na matajiri nao walikuwa wana madeni yao ya miezi mitatu kwa hiyo hakuna boti iliyokopesha beseni asubuhi ile. Bei ya beseni ilipanda mpaka mama mdogo alipotajiwa aliuliza mara mbili. Alikuwa na elfu kumi na mbili. Hakuwa na hata moja zaidi, mtaji wote ulikwenda kwenye Jumatatu.

Na mimi nilikuwa sina, madeni yangu yote yalikuwa nje kwenye daftari.

Mnunuzi mmoja mwenye gari alikuwa amenunua mzigo mkubwa na hakuwa na pa kuanika. Wakaelewana. Mama mdogo akamwaga dagaa wale kwenye kichanja chake mwenyewe, chenye zile fito mbili mpya, akaanza kuwatandaza kwa viganja kama kawaida yake, taratibu, hakuna anayemlalia mwenzake. Nilisimama pale sijui niseme nini. Aliniona akaniambia bila kuinua kichwa, "Umewaona wa Agosti?" Jioni mwenye gari alikuja akapima, akapakia, akamlipa kibarua cha siku, akaondoka na turubai lake.